Buti la Ski ya Slalomu: Kulipima, Kulitunza, na Kurudi Majini Baada ya Mguu Kuumia

Ski ya slalomu, ubao wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na boti, ni moja tu, na miguu yote miwili hupanda juu yake, mmoja mbele na mwingine nyuma. Ukianguka, maji yenyewe mara nyingi hayavunji mtu. Kinachovunja ni buti, yaani kiatu kilichofungwa juu ya ski. Ski inakwenda kwake, mwili unakwenda kwake, na buti limeng'ang'ania mguu katikati ya ugomvi huo. Mbaya zaidi ni pale mguu mmoja unapochomoka na wa pili ukabaki. Ski yenye urefu wa mita 1.6 au 1.7 huwa wenzo mrefu wa kuusokota mguu uliobaki, na hakuna goti wala kifundo kinachoweza kushindana nao.

Ndiyo maana wazoefu wa mchezo huu wana sharti moja: miguu itoke pamoja, au ibaki pamoja. Ukilishika hilo, maswali mengi kuhusu buti lipi ununue na ulikaze kiasi gani yanajijibu yenyewe.

Jua umefungwa na nini

La kawaida kabisa ni buti la mpira lililofungwa kwa skrubu kwenye bamba la alumini. Halina mtambo wowote. Mguu hutoka kwa kuteleza tu, basi kutoka kwake kunategemea limebana kiasi gani, limelowa au la, na mpira una umri gani.

La pili ni buti gumu la mbele, lenye mtambo wa springi nyuma ya kisigino. Mwili ukirushwa mbele kwa nguvu iliyopangwa, buti zima huachana na ski na wewe unabaki umelivaa. Limeundwa hasa kwa mwanguko wa kifudifudi. Kwenye msokoto wa pembeni usilitegemee kwa kiwango hichohicho.

La tatu ni mabuti mawili magumu juu ya bamba moja, na bamba limeshikwa na ski kwa ukanda wa plastiki wenye meno yanayong'ang'aniana. Likiachia, yote mawili yanaondoka pamoja. Kwa sharti letu huu ndio mfumo unaotii vizuri zaidi, ila bei yake na matunzo yake si mchezo.

Mguu wa nyuma nao una chaguo lake: buti kamili, au ukanda wa vidole, yaani kipande cha mpira kinachoshika vidole na unyayo tu huku kisigino kikiwa huru. Kwa mtu anayevutwa wikendi tu, rai yangu ni buti la mpira mbele na ukanda wa vidole nyuma. Mfumo huo hauondoi hatari, maana mguu wa nyuma huchomoka kabla ya wa mbele, lakini buti la mbele likiwa halijakazwa kupita kiasi, nao hufuata upesi. Usichanganye buti la springi mbele na buti la mpira lililobana nyuma. Hapo umejitengenezea mwenyewe ule mwanguko wa mguu mmoja kutoka na mwingine kubaki, na vifundo vingi vimevunjika kwa mchanganyiko huo.

Ski za mtumba, au zile zilizokaa miaka stoo, zinataka jicho kali. Unyooshe mpira kwa vidole karibu na kisigino. Ukiona mipasuko midogo au unanata mkononi, ubadilishe. Ski ya pamoja inayovaliwa na kila mgeni wa ufukweni ina tatizo lake: buti linalorekebishika hukazwa kwa mguu wa aliyetangulia, na wewe unapewa hivyohivyo. Lifungue, ulipime upya, hata kama nahodha anaharakisha.

Kulipima nchi kavu

Weka ski kwenye ukingo wa baraza au ngazi pana ya chini, pezi lining'inie nje lisivunjike. Lowesha mguu na buti. Ukihitaji utelezi, tumia sabuni ya vyombo iliyozimuliwa kwa maji. Usitumie mafuta ya nazi wala vaselini: mafuta huulainisha mpira ukaharibika, na mguu unateleza wakati usiotaka.

Vaa la mbele. Kisigino kikae chini kabisa, vidole viguse mwisho bila kujikunja. Mwenzako aikanyage ski isisogee. Sasa kunja goti mbele taratibu, kama unavyofanya kwenye kona. Kisigino kisinyanyuke zaidi ya kidogo. Kisha vuta mguu kwa nguvu huku ukiuzungusha. Buti la mpira likupinge, halafu likuachie. Mguu ukitoka kwa mvuto mwepesi, kaza kamba kidogo. Ukilazimika kukaa chini na kuling'oa kwa mikono miwili, limebana mno, hata kama unahisi umeshikamana vizuri na ski.

La springi hupimwa kwa namba ya kukaza springi. Anza upande wa chini wa jedwali la mtengenezaji kwa uzito wako. Mwenzako akiwa ameishika ski, jirushe mbele kwa nguvu. Buti linatakiwa lifunguke. Ukikunja goti tu kwa kawaida, lisifunguke. Kila baada ya kurekebisha, rudia. Usiibe namba ya rafiki mwenye uzito sawa na wako, maana namna yake ya kuteleza si yako.

Buti linalofunguka lenyewe katikati ya kona ni hatari vilevile, na watu hapo hukimbilia kukaza. Kabla hujakaza, kagua: mchanga umeingia? Springi imeota kutu? Meno ya plastiki yamelika? Ukikaza mtambo mchafu, siku utakapousafisha utakuwa na buti lisilofunguka kabisa.

Chumvi, jua na mchanga

Miongozo mingi ya mchezo huu imeandikwa kwa watu wa maziwa na mito, maji yasiyo na chumvi. Sisi wa pwani ya Mombasa tunatelezea Mtwapa, Tudor na nyuma ya mwamba kuanzia Nyali hadi Shanzu, na bahari haina huruma na chuma.

Bamba ni alumini, skrubu ni chuma kisichoshika kutu. Metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji ya chumvi, moja huliwa na nyingine, na hapa anayeliwa ni bamba. Dalili yake ni unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu. Ukiuona, fungua skrubu zote, sugua, paka grisi ya boti, rudisha. Usipoona unga, fanya hivyo angalau mara mbili kwa msimu, la sivyo siku moja skrubu itagoma na bisibisi itaila kichwa. Kabla ya kila mvuto, shika buti kwa mikono miwili ulitikise. Likicheza hata kidogo, halipandwi.

Baada ya kutoka majini, suuza kwa maji baridi ya bomba au ya kisima kisicho na chumvi, mtambo wa springi uufungue na kuufunga mara kadhaa chini ya maji, kisha kausha kivulini. Jua la saa saba juu ya paa la boti huumaliza mpira haraka kuliko kuteleza kwenyewe. Usivae buti ukiwa umesimama mchangani. Vaa ukiwa kwenye boti au gatini, kwa sababu chembe chache tu kati ya meno ya ule ukanda wa plastiki zinatosha kubadilisha nguvu ya kushika.

Kabla boti haijavuta

Kuna jeraha moja la ski ambalo halihusiani na kuanguka kwa kasi, nalo ni kuchanika kwa misuli ya nyuma ya paja pale inapojishikiza kwenye mfupa wa kukalia. Hutokea zaidi wakati wa kuinuka majini. Mtu amejikunja, boti inavuta, naye kwa haraka ananyoosha magoti huku kiuno bado kimepinda na kifua kimevutwa mbele. Misuli inavutwa kutoka ncha zote mbili, na mara nyingi mwenyewe husikia mlio.

Kinga yake ni subira. Magoti kifuani, mikono imenyooka, uzito mguu wa mbele, na usisukume chochote. Acha boti ikunyanyue. Nahodha naye aongeze gesi kwa mpando laini, asikurupuke. Mwambie waziwazi kabla hujaingia majini: "Nahodha, nivute pole mpaka nisimame, ndipo uongeze." Kama kuna anayeingoja zamu yake kwenye boti, afanywe mwangalizi. Nahodha hawezi kutazama mbele na nyuma kwa pamoja.

Chagua maji pia. Asubuhi mapema ndiyo saa ya maji kulala, iwe kaskazi au kusi. Matlai, mwezi wa Oktoba na Novemba, ndiyo raha ya mwaka. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa inaweza kukaribia mita 4, basi kipande cha hori ulichotelezea salama jana maji yakiwa yamejaa leo ni tope na mizizi ya mikoko. Baada ya mvua kubwa za Aprili na Mei, magogo huteremka na maji yenye rangi ya chai; ski ikigonga gogo inasimama papo hapo, na hilo ndilo jaribio ambalo buti lako halikuliomba.

Kwenye mashindano wanaume huvutwa hadi kilomita 58 kwa saa na wanawake 55, katika njia ya mita 259 yenye maboya 6. Namba hizo ni za watu waliofundishwa. Anayejifunza hana biashara nazo.

Mguu umeumia, bado uko majini

Aliyeanguka salama hunyanyua mikono yote miwili na kuishikanisha juu ya kichwa. Boti isipoona ishara hiyo, inarudi mara moja. Ikikukaribia, injini izimwe kabisa, si gia kuwekwa huru tu, kwa sababu mtu mwenye mguu mbovu hawezi kujisogeza mbali na propela.

Laza mgongo, jaketi likubebe. Ukiwa bado ndani ya buti na mguu unauma, usiuchomoe kwa nguvu. Legeza kamba kwanza, au zikatwe kwa kisu chenye ncha butu, ambacho kikae ndani ya boti siku zote. Upandishwe kwa ngazi ya nyuma au kwa ubao. Kuvutwa kwapani juu ya ubavu wa boti huku mguu uliovunjika ukiburuta ni kuumia mara ya pili. Na kama aliyeanguka analalamika shingo au mgongo, au mikono imekufa ganzi, habari ya mguu isubiri: kichwa kishikwe kisigeuke, na muite msaada.

Ukiwa ndani ya boti, tazama mguu. Umepinda? Mfupa umetokeza? Usinyooshe. Ufunge kama ulivyo, kafi upande mmoja na taulo iliyokunjwa upande mwingine, ukizungushia leso juu na chini ya jeraha, si juu yake. Vua kikuku na pete za vidoleni kabla uvimbe haujafika. Kila baada ya dakika chache gusa vidole: vina joto, vina rangi, mwenyewe anahisi? Asile wala asinywe kitu, huenda akahitaji upasuaji.

Gari liwe limeshajulikana kabla ya siku ya kuteleza. Hospitali kubwa kama ya Rufaa ya Pwani, Aga Khan, Pandya na Mombasa Hospital zote ziko kisiwani, yaani kutoka Mtwapa una foleni ya Daraja la Nyali, na kutoka kusini una feri. Tuktuk ni nzuri kwa samaki na abiria wazima. Kwa mguu uliovunjika, kila tuta ni adhabu. Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199.

Lipi la hospitali, lipi la kungoja

Kwa kifundo, madaktari hutumia kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, nawe unaweza kujipima. Huwezi kupiga hatua nne? Ukibonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, ndani au nje, unauma? Au unauma juu ya unyayo upande wa ndani, au ubavuni mahali pa mzizi wa mfupa unaokwenda kwenye kidole kidogo? Jibu moja la ndiyo latosha: nenda ukapigwe eksirei.

Kano ya kisigino ina kipimo chake. Mgonjwa alale kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, umbinye shavu la mguu. Kano ikiwa nzima, unyayo husogea. Usiposogea, kano imekatika, hata kama anaweza kutembea kwa kuchechemea. Wengi husema walihisi kama wamepigwa teke kwa nyuma. Goti lililolia na kuvimba ndani ya saa chache huenda limekatika ligamenti, yaani nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa. Na weusi unaoshuka nyuma ya paja baada ya ule mlio wa kuinuka majini unataka picha ya MRI mapema, kwa sababu kano iliyong'oka kutoka mfupani hurudishwa kwa urahisi zaidi katika wiki za mwanzo kuliko baada ya miezi.

Mawili hayangoji hata asubuhi. La kwanza ni maumivu ya goko au shavu la mguu yanayozidi badala ya kupungua, mguu mgumu kwa kukaza, na uchungu mkali vidole vikinyooshwa na mtu mwingine. Shinikizo limejifungia ndani ya misuli, na saa chache zinaweza kuigharimu. La pili huja siku au wiki baadaye: shavu la mguu linavimba, lina joto, linauma. Damu huenda imeganda ndani ya mshipa. Ikifuatwa na kukosa pumzi au maumivu ya kifua, ni dharura.

Hapa lazima niseme jambo la kwetu. Mguu ukiumia Mombasa, kabla ya daktari huletwa mkandaji na chupa ya mafuta ya habbat-soda. Sina ugomvi na wakandaji. Mgongo uliokaza wanaujua. Lakini mguu mbichi, ambao haujapigwa picha, haukandwi. Kano iliyochanika nusu humaliziwa kwa vidole gumba, na damu iliyoganda shavuni ikisukumwa inaweza kung'oka na kwenda mapafuni. Mwambieni mama au shangazi kwa adabu kwamba mkandaji aje baadaye, daktari akisharuhusu.

Miezi ya kungoja

Siku za mwanzo: mguu juu ya mto kupita usawa wa moyo, bandeji ya kubana isiyozuia damu, barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 10 hadi 20, kisha pumzika. Kifundo kilichoteguka kidogo kianze kusogezwa mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kulala wiki nzima hukifanya kiwe kigumu.

Baada ya hapo ratiba ni ya daktari na mtaalamu wa fiziotherapia, lakini ujue picha ya jumla usije ukadanganywa na siku unayojisikia vizuri. Kano ya kisigino iliyokatika huchukua miezi 6 hadi 12 kabla ya mchezo, iwe imeshonwa au imetibiwa kwa buti la hospitali. Ligamenti ya mbele ya goti iliyopandikizwa upya isirudi kwenye mchezo kabla ya miezi 9, na hapo ni ikiwa nguvu ya paja imefika angalau asilimia 90 ya ile ya mguu usioumia. Muundi uliovunjika mara nyingi hutaka miezi 3 au zaidi kuunga tu, na sigara huuchelewesha.

Bahari ni msaidizi mzuri, kidonda kikishafunga kabisa. Maji yakikufika kiunoni, miguu hubeba karibu nusu tu ya uzito wako. Tembea humo maji yakijaa, ukivaa viatu vya mpira kwa ajili ya miiba na matumbawe. Ufuo una mteremko unaokilaza kifundo upande mmoja, basi ukienda, rudi kwa njia ileile. Kidonda kibichi kisiingie horini, hasa Tudor, ambako maji taka humwagika.

Wanaoswali huuliza kila mara kuhusu sijida. Kuinuka kutoka sijida hukunja kifundo kwa nguvu, na kikao cha attahiyatu hulikunja goti hadi mwisho. Kwa kano ya kisigino na kwa goti lililopasuliwa, swali kwenye kiti mpaka uruhusiwe. Dini imetoa nafasi hiyo. Baadaye, kikao hichohicho kikirudi bila kuuma, ni kipimo kizuri kuliko vingi vya kliniki.

Kurudi kwenye ski

Kuruhusiwa kutembea si kuruhusiwa kuteleza. Kabla ya boti, mguu ulioumia ufikie karibu sawa na mwenzake kwa haya: kunyanyuka kwa kisigino kimoja mara 20 na zaidi, kurukaruka kwa mguu mmoja bila kuyumba, na kusimama kwa mguu huo macho yamefumbwa. Pima pia mkunjo wa kifundo. Weka kidole gumba cha mguu mbali kidogo na ukuta, goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Linganisha miguu. Wa mbele ukiwa mgumu, uzito wako utakimbilia nyuma, ncha ya ski itanyanyuka kisha itajichoma ghafla majini, nawe utarushwa kifudifudi, mwanguko uleule unaokata kano.

Kisha pima buti upya kabisa. Mguu uliovimba, au wenye bamba la chuma ndani, si mguu uliopimiwa mwanzo. Shavu limepungua, uzito wa mwili huenda umeongezeka. Namba ya zamani ya springi ifute akilini na uanze chini.

Mvuto wa kwanza uwe wa ski mbili. Wa slalomu ufuate siku nyingine, kamba ndefu ya mita 18.25, kasi ya chini, hakuna maboya, na ukichoka uachie mpini kabla ya kuanguka. Huo ni ustadi, wala si aibu. Mizunguko michache inatosha, kisha nyumbani. Asubuhi ya pili, kabla hujanywa chai, ulinganishe mguu na mwenzake. Kama kuna uvimbe mpya au unachechemea kwenye ngazi, rudi hatua moja nyuma kwa wiki nzima. Kama hakuna, ongeza jambo moja tu safari inayofuata: ama kasi, ama muda, si vyote viwili.